Baiskeli Haina Kamba

Nyumba yetu ya Ruiru ina vyumba vitatu vya kulala, na kwa miaka tisa kimoja kilikuwa cha baiskeli. Mke wangu alikiita chumba cha wakwe. Alisema wageni wanaokaa humo wanaheshimiwa kuliko yeye: wanapanguswa kila Jumapili, hawaulizwi wataondoka lini, na mtu akiwagusa bila ruhusa mwenye nyumba ananuna mpaka Jumanne.

Zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza niliinunua kwa sababu ya maana, ili niende nayo kazini; mimi hutengeneza mashine katika kiwanda kimoja cha Thika, na siku nikijisikia na nguvu huwa natoka Ruiru kwa pedali. Ya pili niliinunua kwa huruma. Niliikuta imeegemezwa kwenye ukuta wa muuza vyuma vikuukuu nyuma ya soko la Thika, inangoja kukatwa. Ya tatu sikumbuki niliinunua kwa nini, na mtu akishafika hapo ajue ugonjwa umeingia. Kulikuwa na ile nyeusi nzito ya kubebea mizigo, tunayoiita blakimamba. Kulikuwa na ya mtumba ya kukunja, ambayo niliikunja mara moja ili kumwonyesha mke wangu jinsi isivyochukua nafasi, ikakataa kukunjuka. Kulikuwa na mbili za watoto, ingawa watoto wangu walikuwa wamemaliza sekondari na mmoja tayari ana ndevu.

Mbinu yangu ilikuwa kuziingiza nyumbani kwa vipande. Jumatatu narudi na gurudumu, Jumatano na usukani, Ijumaa na fremu iliyofungwa kwa gunia. Mke wangu akiuliza, nasema ni spea. Hakuwahi kuona baiskeli ikipita mlangoni; aliona tu, siku moja, imesimama.

Nilijitetea kwamba siku moja nitaziuza. Mtu mwenye baiskeli kumi na moja ni mfanyabiashara, nilisema, ni vile tu soko halijawa tayari. Kila aliyekuja kuuliza bei nilimtajia bei ya kumfukuza. Mmoja aliikubali, ikabidi nimwambie kwamba baiskeli ile ina tatizo la kurithi.

Wakati huo mama yangu aliishi peke yake ng'ambo ya Thika, upande wa Ngoliba, katika shamba alilobaki nalo baada ya baba kufariki. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia. Yeye mwenyewe hakusema, kwa sababu mama yangu akivunjika mguu atakuambia amejikwaa. Lakini mwezi wa pili jirani yake alinipigia simu. Alikuwa amemkuta asubuhi ameketi kando ya njia ya kwenda kwenye tangi la maji, mtungi wake pembeni. Alipomuuliza, mama alisema anapumzika kidogo. Jirani akaenda kupalilia mahindi yake, akarudi saa saba mchana, akamkuta bado anapumzika.

Tuko wawili tu, mimi na dada yangu. Dada yangu anaishi Githurai 45, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo halina lifti wala mpango wa lifti. Ana kitanda cha ziada na moyo mzuri. Lakini mama alikuwa amekaa kwake wiki moja, wakati ule magoti yakiwa bado yanasikia amri, akashinda wiki hiyo akitazama nguo za watu zilizoanikwa. Aliporudi Ngoliba alisema huko juu ni pazuri kwa njiwa. Sote tulijua kwamba akipandishwa ngazi zile sasa, hatashuka tena mpaka siku ya kubebwa. Kwetu Ruiru ni chini. Mlango unafungukia uani, geti linafungukia barabarani, na ng'ambo ya barabara kuna mama mboga, na kanisa si mbali. Kilichokosekana kilikuwa chumba.

Mke wangu alingoja dada yangu aje kututembelea ndipo akaongea, ili awe na shahidi.

"Mvua ikianza, hakuna gari itaingia Ngoliba," alisema. "Ile udongo nyeusi inashika gari kama gamu. Mami lazima awe hapa kabla mvua inyeshe. Baiskeli zitoke. Zisipotoka, nitampigia simu mimi mwenyewe nimwambie mtoto wake amempeleka ghorofa ya nne sababu ya vyuma."

"Zote?" niliuliza.

"Ibaki moja, hiyo unaendanga nayo job. Moja." Akainua kidole, nisije nikasema sikuelewa.

Ningependa kusema kwamba nilianza kuuza siku hiyo hiyo. Wiki tatu zilipita nikizipangusa, nikizipaka oili, nikisema kwamba mali safi huuzika haraka. Na nikisema ukweli, sikuogopa kuzikosa baiskeli. Niliogopa kile chumba kikiwa wazi. Kikiwa kimejaa, mama yangu alikuwa mwanamke mwenye shamba lake, na mimi nilikuwa mtu mwenye kwao, wa kwenda Krismasi na kurudi na mahindi kwenye gunia. Kikishakuwa wazi, yeye ni mgonjwa na mimi ni mzee. Jambo hilo liliniuma sana, na kwa kuwa sikutaka kulitaja, niligombana na kila mtu kuhusu baiskeli.

Kisha jioni moja nikitoka kazini niliona mawingu ya mvua yamekalia mlima wa Kilimambogo. Kesho yake nilipiga picha nikazituma kwa kila mtu mwenye simu.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Kiandutu, mtu mzima kutoka magharibi, anayebeba mboga kutoka sokoni kwenda kwenye vibanda. Alitaka blakimamba. Hakuikagua kwa macho. Aliinua keria, akazungusha gurudumu la nyuma, akainamisha kichwa akasikiliza. Aliniuliza kwa nini nauza, nikamwambia kuhusu mama na mvua. Akalipa bila kunisumbua. Kisha, badala ya kuondoka, akabaki amesimama uani.

"Mzee, umesahau kamba," akasema.

"Kamba gani? Ya kufungia mzigo?"

"Kamba ya kuuza. Wewe hujawahi kuuza ng'ombe?"

Hapo nikamwelewa, nikaona haya kwamba mtu wa mbali ndiye ananikumbusha. Mama yangu alipouza ng'ombe sokoni, mnunuzi alikuja na kamba yake mwenyewe. Mama aliifungua ya kwake shingoni mwa ng'ombe, akaitupa begani, akarudi nayo nyumbani. Unamuuza ng'ombe, huuzi bahati ya kufuga. Kamba inabaki ili imfunge mwingine atakayekuja. Hata aliyeuza mbuzi mmoja maishani mwake anajua hivyo.

"Baiskeli haina kamba," nilisema.

"Haina, lakini kitu kibaki. Hii imelisha nyumba. Nikibeba yote, wewe utabaki mkavu, na mimi itanisumbua njiani." Akaifungua kengele kwa vidole vyake, bila spana, akaiweka kwenye kiganja changu. Kisha akapanda akaenda, na mimi nikabaki hapo na kengele, nimeguswa kwelikweli.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwema.

Niliingia na ile kengele katika chumba cha wakwe nitafute msumari wa kuitundika. Ukutani kulikuwa na kitu ambacho sijakitaja. Ilikuwa fremu ya bluu ya baiskeli ya kike, yenye usukani, pedali na gurudumu la nyuma. Haikuwa na kengele, kiti, cheni wala gurudumu la mbele. Mke wangu hakuwahi kuihesabu kwa sababu haikuwa baiskeli, ilikuwa chuma, na mimi nilikuwa nimehakikisha hasahihishwi katika hesabu hiyo. Niliifunga kengele kwenye ule usukani. Ilikaa vizuri. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama, na shetani, ambaye hana haraka, alikuwa amesimama kando yangu akiitazama pia.

Mnunuzi wa pili alikuwa askari wa usiku wa shule moja hapa Ruiru. Tulipokubaliana, nilimweleza habari ya kamba, kwa sauti ya mtu anayeheshimu wazee, kisha nikachomoa kiti.

"Sasa nitakaa wapi?" aliuliza.

"Wewe ni askari. Askari hakai."

Alicheka mpaka akashika ukuta, na mtu akishacheka hivyo huwa hawezi tena kukasirika. Akaondoka akiwa amesimama kwenye pedali.

Wa tatu alikuwa kijana wa Witeithie anayepeleka chakula kwa watu majumbani. Huyu alitazama baiskeli yake, akanitazama mimi nikiwa nimeshika cheni.

"Mzae, hiyo cheni si ni yangu?"

"Ni desturi. Kitu lazima kibaki kwa muuzaji."

"Desturi gani hiyo? Usinibebe ufala."

Nikamwambia habari ya ng'ombe, kamba, baraka, na kwa kuwa hakuonekana kushawishika nikaongeza wazee, na kilichompata mtu mmoja aliyebeba kila kitu. Hakuna mtu kama huyo. Lakini kijana alikuwa amezaliwa mjini, hajawahi kushika kamba ya mnyama, na watu wa mjini huogopa sana desturi wasizozijua. Uso ulimbadilika.

"Sawa, sawa, baki nayo," alisema. "Lakini usinitaje huko kwa wazee wenu." Akaisukuma baiskeli mpaka barabarani bila kugeuka nyuma.

Wa nne alikuwa mama mmoja wa Makongeni, mwimbaji wa kwaya, anayeuza maziwa mlango kwa mlango. Katika mazungumzo lilimponyoka neno kwamba nyumbani ana gurudumu la mbele la baiskeli ya marehemu mumewe, zima kabisa. Basi nikamwambia hilo ndilo Mungu alimwekea, hili lake libaki kwangu liwe kamba. Alisema, "Haya. Lakini mimi na wewe tutaonana mbele ya Mungu." Nikasema amina, na nikamsaidia kufunga baiskeli juu ya matatu.

Zile mbili za watoto nilizipeleka shule ya Jumapili. Nyingine zote alizichukua fundi mmoja kwa pamoja, hata ile ya kukunja. Kwake huyo sikubaki na kitu. Haikuwa uaminifu. Sikuwa na upungufu tena.

Chumba kilipigwa rangi. Kitanda kililetwa. Kwenye kona, nyuma ya pazia, ilisimama baiskeli ya bluu ya kike, nzima, inang'aa, tayari kuendeshwa. Mke wangu aliingia kupima pazia, akalivuta.

"Na hii?"

"Hiyo ni kamba."

Alikuja karibu, akaanza kuigusa kipande kwa kipande. Kengele. Kiti. Cheni. Gurudumu. Mke wangu hufundisha hesabu shule ya msingi, na ana namna ya kukusaidia kufika kwenye kosa lako mwenyewe.

"Kwa hivyo kila mtu alikuachia kile ulikuwa unakosa."

"Ni baraka," nilisema.

"Ni baraka," alikubali. "Utamweleza mami."

Mama alifika Jumamosi kwa pikapu ya kukodisha, na kitanda chake kidogo, sufuria mbili, begi moja na kuku aliyefungwa miguu. Mvua ilikuwa nyuma yao. Dereva alisema iliwafuata kutoka Ngoliba mpaka daraja la Thika. Tulimshusha polepole. Alizunguka nyumba, akasifu sakafu, akaingia chumbani mwake, akaketi kitandani. Nilikuwa nimeliacha pazia wazi. Nilifikiri atafurahi.

Mama yangu huniita baba, kwa sababu jina langu ni la babake. Akiwa na hasira huniita hivyo pia, lakini taratibu zaidi.

"Baba, hii ni ya nani?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza kwa Kikuyu, kwa majivuno, kuanzia kwa yule mtu wa Kiandutu mpaka gurudumu la mama wa kwaya. "Ni vile ulinifundisha, maitu," nikamalizia. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Kisha akaacha.

"Kamba ilikuwa yangu," alisema. "Niliisuka mimi, kwa mikono yangu, kabla ng'ombe huyo hajazaliwa. Niliyemuuza alienda na miguu yake minne, na mkia, na masikio. Wewe umeuza ng'ombe ukabaki na mguu. Umefanya hivyo mara nne. Halafu ukasema ni mimi nilikufundisha."

"Nitarudisha, maitu. Wiki ijayo."

"Mimi siwezi kulala chumba kimoja na mguu wa ng'ombe wa mtu." Akashika mbao za kitanda, akainuka, ikamchukua muda. Akamgeukia mke wangu akamwambia ampigie dada yangu simu, anakwenda Githurai. "Njiwa si wezi," alisema.

Begi lake lilikuwa bado limefungwa. Nilimjua mama yangu; hakuwa anatisha. Angezipanda zile ngazi, hata kama ni kwa makalio, na angekaa huko juu akitazama nguo za watu mpaka mwisho wake, na kila mtu akimuuliza angesema ukweli. Nilimwomba mpaka Jumapili jioni. Akakubali, kwa sharti kwamba nisichukue gari. Niende na hiyo hiyo ya bluu. Usiku ule alilala sebuleni kwenye kochi, begi likiwa miguuni, na kila nilipopita alipumua kwa nguvu.

Asubuhi nilianza na askari. Alikuwa amejitengenezea kiti cha gunia na sponji, akasema ni kizuri kuliko kile changu. Alikichukua hata hivyo. Alikifunga mbele yangu, akakikalia, akaniambia, "Askari hukaa." Kutoka hapo mpaka Witeithie niliendesha nikiwa nimesimama, kando ya barabara kuu, watu wote wakiwa njiani kwenda kanisani, na bomba la kiti likiwa wazi chini yangu. Sijawahi kuendesha kwa uangalifu kama siku hiyo.

Yule kijana alikuwa nje ya chumba chake akisugua viatu. Kuniona tu, akasimama.

"Buda, mimi sijakosea mtu."

"Nimerudisha cheni."

"Zi, sitaki! Hiyo ya wazee peleka. Nilinunua ingine."

Hapo sikuwa na njia. Nilimwambia hakuna wazee, hakuna mtu aliyepatwa na kitu, nilitunga. Majirani walikuwa wametoka kusikiliza.

"Kwa hivyo sasa ndio umenibeba ufala kabisa," alisema. Kisha akaniletea kiti cha plastiki, akapindua baiskeli yake, akanifanya nitoe ile cheni mpya na kuifunga ya zamani kwa mikono yangu, ili aiuze mpya. Alinielekeza jinsi ya kufunga cheni, mimi niliyekuwa nikifunga cheni kabla hajazaliwa. Nilisema asante.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kusukuma baiskeli isiyo na cheni kutoka Witeithie mpaka Makongeni. Kila mlima mdogo niliokuwa nikiupita kwa pedali bila kuuona ulikuwa mrefu. Watoto wawili waliniambia, "Guka, si uipande!" na mimi nikajifanya sijui babu huyo ni nani.

Mama wa kwaya nilimkuta ametoka ibadani, bado amevaa sare. Nilimkabidhi gurudumu. Aliwaita wenzake, wakaja sita, wote kwa sare, wakanizunguka.

"Ndio huyu," aliwaambia. "Amerudisha."

Mmoja akasema hajawahi kuona mwizi wa mbegu hiyo. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea, kila mmoja kwa zamu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kupika. Walimwomba Mungu aniondolee tamaa. Walimtajia na vifaa. Walipomaliza, mwenye gurudumu alisema maombi ni maombi na faini ni faini. Basi ile fremu yangu ya bluu, ambayo ilikuwa yangu kwa haki, na usukani na pedali zake na gurudumu la nyuma, niliirusha mwenyewe juu ya paa la kibanda chake cha kuwekea maziwa, ikae hapo izuie bati lisipeperushwe. Nilibaki na kengele mfukoni.

Kutoka hapo Kiandutu si mbali. Yule mtu nilimkuta akipakua kabichi kutoka kwenye blakimamba, ambayo alikuwa ameiongezea mbao mbili nyuma. Nilimpa kengele yake. Alirudisha mikono nyuma, nisimguse nayo.

"Hiyo sikuikosa. Nilikupatia na mkono wangu."

"Mama yangu amesema nirudishe vyote."

"Ulimwambia ni mimi niliifungua?"

Nilikumbuka kwamba sehemu hiyo niliipitia haraka, kwa kuwa nilitaka zote nne zionekane sawa.

"Ukinirudishia, ni kama umekuja kuchukua ng'ombe wako," alisema. "Mimi napiga mluzi, inatosha. Na mama amefika?"

"Amefika, lakini hajafungua begi."

Akachagua kabichi moja kubwa, akanipa. "Mwambie afungue begi," alisema.

Nilifika nyumbani jioni, mvua ikiwa imeanza. Mama alikuwa kwenye kochi, amefunga leso kichwani, tayari kwa safari. Alinihoji kama hakimu. Kiti? Kimefungwa. Cheni? Imefungwa, na nimekiri. Gurudumu? Nikamweleza maombi, na hapo mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. Kisha nikaweka kengele na kabichi mbele yake, nikamweleza vizuri nani aliifungua na alisema nini. Aliishika kengele ile, akaigeuza.

"Huyo alilelewa," alisema. "Mimi pia nilifikiri nililea."

Nikaichukua kabichi niipeleke jikoni, naye akaanza kuinuka. Nilimpa mkono, akaukataa, akajaribu tena, kisha akaushika. Akauegemea. Nilikaza mguu nikingoja uzito wake uje, na haukuja. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mahindi mgongoni kutoka shambani hadi barabarani, niliweza kumshikilia kwa mkono mmoja na kabichi kwa mwingine. Nililia kidogo tulipokuwa tunavuka sebule, na yeye alitazama mbele. Alilala chumbani mwake.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda kimetandikwa na yeye hayupo. Sikuvaa viatu. Choo kilikuwa wazi, jikoni hakuna mtu, na geti dogo lilikuwa limefunguliwa. Nilikimbia uani kwenye matope nikifikiria barabara, pikipiki, magoti. Nikafika getini nikasikia sauti yake, nikasimama.

Alikuwa amevuka. Alikuwa ng'ambo kwa mama mboga, ameegemea fimbo yake, anachagua nyanya moja baada ya nyingine kama mtu aliyeishi hapo miaka yote. Mama mboga si Mkikuyu, kwa hivyo mama alikuwa anamweleza kwa Kiswahili.

"Mimi nilikuwa naenda Githurai. Gorofa ya nne. Kijana yangu akakataa. Yeye alikuwa na baisikeri kumi na moja, anapenda hizo kuliko chakula. Lakini hiyo siku alisikia magoti yangu inauma, aliuza yote. Hakungoja hata kesho."

"Aki shosho! Mtoto kama huyo hapatikani siku hizi."

"Hapatikani," mama alisema.

Alisema kwa sauti kubwa. Mama mboga alikuwa mbele yake, hatua moja tu, na hakuna kiziwi kati yao. Sauti ile ilikuwa inavuka barabara, inapita juu ya geti, inanijia mimi na wiki zangu tatu za kupaka oili. Mama hakugeuka hata mara moja. Aliendelea kuchagua nyanya na kunisifu, jinsi nilivyopiga rangi, jinsi nilivyomngoja, na mimi nikabaki nyuma ya geti bila viatu, mtu wa miaka hamsini na mbili, uso unawaka, nikingoja amalize ili nitoke nikamchukulie mfuko. Hakumaliza upesi.